IST yangu naifungua mwenyewe: oili, plagi, breki na betri

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2003, ile ya injini ya 2NZ, cc 1,300. Hapa Morogoro zimejaa, na injini hiyo hiyo, au ndugu yake 1NZ ya cc 1,500, utaikuta kwenye Vitz, Platz, Funcargo na Probox. Kwa hiyo ninayoyaandika yanamhusu mtu yeyote mwenye gari la ukoo huo. Mwenye gari jingine achukue utaratibu, vipimo avitafute kwenye kitabu cha gari lake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari. Baba alikuwa dereva wa lori, na sisi watoto ndio tuliokuwa tunamshikia tochi akiwa chini ya gari, kwa hiyo harufu ya oili haijawahi kunitisha. Majirani wanadhani nafanya haya kwa kubana matumizi. Pesa inabaki mfukoni, ni kweli, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: nataka kujua kwa hakika ni kitu gani kimeingia kwenye gari linalobeba wanangu.

Kuna gereji moja niliyokuwa napeleka gari, jina nalihifadhi. Nilitozwa plagi nne mpya pamoja na ufundi. Haukupita muda mrefu gari likaanza kumisi asubuhi, yaani injini inatetemeka kwa sababu silinda moja haiungui vizuri. Nilipofungua nikakuta plagi zile zile za zamani: ncha ya katikati imelika hadi imekuwa mviringo, kutu imezunguka shingo, zimepigwa msasa tu zikarudishwa. Siku nyingine, gereji nyingine, nikaambiwa, "Mwalimu, hii gari inadai taiming belti." Injini za NZ hazina taiming belti. Zina cheni ya chuma ndani, inalainishwa na oili ya injini. Mkanda unaouona kwa nje ni fani belti, unaozungusha altaneta (inayochaji betri) na wota pampu (inayozungusha maji ya kupooza injini). Mtu asiyejua hilo angelipia mkanda ambao gari lake halijawahi kuwa nao.

Mafundi waaminifu wapo wengi, na ninaye wangu ninayemheshimu sana. Lakini hata yeye anafanya kazi vizuri zaidi ninapomwendea najua ninachokisema.

Vifaa, na namna ya kukaza

Usinunue ile seti ya vipande mia kwenye boksi la plastiki kwa bei ya kutupa. Soketi zake hupanuka na kula vichwa vya nati, na nati iliyoliwa kichwa itakugharimu kuliko ufundi wa gereji. Nunua vichache vya chuma kizuri: racheti na ekstensheni yake, soketi namba 10, 12, 14 na 21, soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani, na spana za kawaida za namba hizo. Ongeza multimita ndogo ya kupimia volti, jiklampu moja (kibanio cha chuma chenye umbo la G), tochi ya kuvaa kichwani na glavu. Halafu nunua stendi mbili za chuma za kushikilia gari. Hizi usizikopee wala usiziahirishe.

Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi pembeni ya barabara. Usiingize kichwa, wala mkono, chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tofali la saruji nalo halifai: linabeba mzigo vizuri mpaka linapopasuka, na likipasuka halitoi taarifa. Egesha mahali tambarare pagumu, si kwenye mchanga. Vuta hendibreki, weka gia kwenye P, ziba matairi ya nyuma kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Inua. Chini ya milango, kwenye ule ukingo wa bati, utaona mikato miwili midogo iliyokaribiana: kati ya mikato hiyo ndipo bodi ilipoimarishwa kubebea uzito. Ukishaweka stendi, teremsha jeki hadi uzito ukae juu ya stendi, kisha lisukume gari kwa nguvu kwa mkono. Likitikisika, anza upya.

Sasa kukaza. Wanafunzi wangu wanajua kwamba nguvu ya kuzungusha ni nguvu mara urefu wa mkono wa spana. Nati za tairi za Toyota hizi zinatakiwa kukazwa kwa Nm (nyutoni mita) 103. Kwa spana ya sentimita 30, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 35 kwenye ncha yake. Ukisimama juu ya spana hiyo na kilo zako 70, kama vijana wengi wanavyofanya, umekaza mara mbili ya kipimo, na bolti inaweza kuanza kuvutika. Nati ya kutolea oili ni Nm 37: kwa racheti ya sentimita 20 ni kama kilo 19 tu, yaani mkono mmoja bila kuegemea. Ukiwa na uwezo wa kununua toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, nunua. Usipokuwa nao, pima urefu wa spana yako, piga hesabu, halafu jifunze uzito huo mkononi kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni.

Oili

Hapa ndipo pa kuanzia, maana injini hizi zinakufa kwa oili chafu kuliko kwa kitu kingine. Cheni niliyoitaja hukazwa na tenshena, yaani kikazio kinachosukumwa na presha ya oili. Mfumo wa VVT-i nao, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, unaendeshwa na oili hiyo hiyo ikipita kwenye chujio dogo sana. Oili ikiwa tope, chujio linaziba, gari linakuwa zito, na asubuhi ukiwasha unasikia cheni inagonga kwa sekunde chache kabla ya kunyamaza. Kwa vumbi la Kihonda na foleni za mjini, mimi nabadilisha kila kilomita 5,000.

Washa injini dakika tano ili oili ilainike, kisha zima. Isiwe ya moto wa kuunguza. Fungua kifuniko cha juu cha kujazia ili hewa iingie. Chini, tafuta nati namba 14 kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), weka beseni, legeza kwa racheti na umalizie kwa vidole huku ukiisukumia nati juu. Ukifika mwisho ivute kando haraka. Acha itiririke mpaka ibaki matone. Wakati inashuka, itazame. Oili nyeusi ni kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake: simamisha kazi hapo, gari hilo lina tatizo la silinda hedi gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) au linalofanana na hilo, na halifai kuendeshwa.

Filta ya oili ifungue kwa mkono, au kwa spana ya filta ikigoma. Kabla ya kufunga mpya, pitisha kidole pale inapokaa uhakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili itamwagika yote ukiwa barabarani. Paka oili safi kwenye mpira wa filta mpya, izungushe mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa nguvu ya kiganja. Spana haihitajiki.

Rudisha nati ya chini na washa yake mpya (ile pete inayozuia kuvuja), kaza kama nilivyosema. Injini hii inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inabakiza kidogo. Mimina lita 3 kwanza, subiri, pima kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ongeza taratibu. Kitabu cha Toyota kinataja oili ya uzito wa 5W-30. Najua madukani watakupa 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, wakikuambia hali ya hewa yetu ni ya joto. Kwa injini ya NZ ambayo bado ni nzima usikubali: oili nzito inachelewa kufika juu kwenye vali asubuhi, na huo ndio wakati injini inapolika zaidi. Nunua galoni iliyofungwa, lakiri yake haijaguswa, kwenye duka ambalo utaweza kurudi kulalamika. Ukimaliza, washa dakika mbili, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri, pima tena. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, bandika ndani ya boneti.

Oili chafu irudishe kwenye dumu. Usiimwage mtaroni. Mto Morogoro uko pale, na kuna watu wanamwagilia mchicha kwa maji yake. Gereji nyingi hukusanya oili chafu na zina wateja wake, wapelekee.

Ea klina

Hii ni kazi ya dakika tano. Fungua klipu za boksi jeusi la hewa, toa karatasi, itazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapita, kung'uta au puliza hewa kutoka upande wa ndani kwenda nje. Usipopita, nunua mpya. Isioshwe kwa maji kamwe, karatasi ikilowa inachanika na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Plagi

Injini iwe baridi kabisa, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na uzi wake unachubuka ikiwa ya moto. Toa kava la plastiki juu ya injini. Utaona koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimejipanga, kila moja imeshikwa na bolti namba 10. Bonyeza ulimi wa soketi ya waya na uivute, usivute waya wenyewe. Toa bolti, zungusha koili kidogo kushoto na kulia, ivute juu.

Kabla ya kutia soketi ya 16, puliza vumbi lililo ndani ya shimo. Mchanga ukidondoka kwenye silinda, hauna njia nzuri ya kutoka. Toa plagi moja moja na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zilikotoka, maana kila moja inasimulia habari za silinda yake. Ncha ya kahawia au kijivu iliyokauka, uunguaji ni mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni ile ea klina uliyoidharau. Ikilowa oili kwenye ncha, oili inapita kwenye pete za pistoni au mipira ya vali. Lakini ikiwa oili iko nje tu, kwenye shingo na ndani ya shimo, usitishike: ni gasketi ya kava la vali na mipira ya mashimo ya plagi, ambayo ni spea rahisi. Wapo waliouziwa ovaholi nzima kwa sababu ya mipira hiyo.

Plagi ya kawaida ya injini hii ni Denso K16R-U11, au zinazolingana nayo, na nafasi ya ncha ni milimita 1.1. Ianze mpya kwa vidole, ukitumia ekstensheni bila racheti, izunguke yenyewe bila kugoma. Ikigoma, irudishe nyuma, uzi haujakaa. Ikifika chini, ongeza nusu mzunguko kwa racheti ili washa yake ikae, basi.

Gari likiendelea kumisi baada ya plagi mpya, hamisha koili. Chukua ya silinda unayoishuku, iweke kwenye silinda nyingine, ile ya huko ilete huku. Tatizo likihama na koili, umempata mkosaji, na utanunua koili moja badala ya nne.

Breki

Hapa naomba utulivu wako wote. Mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu aliyewahi kufanya, hata kama ni kwa kumtazama tu.

Breki za mbele za IST ni za diski. Pedi zina kijibati kinachopiga kelele nyembamba zikikaribia kwisha. Ukisikia mlio ambao unakoma au kubadilika ukikanyaga breki, kagua. Mimi nabadilisha zikifika milimita 3 za nyama iliyobaki, na siku zote pande zote mbili kwa pamoja.

Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa chini. Inua, weka stendi, toa tairi. Fanya upande mmoja kwanza mpaka mwisho, ili upande wa pili ubaki mzima wa kuangalizia kila kitu kilivyokaa. Toa bolti ya chini ya kalipa (kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski), kwa kawaida ni namba 14 au 12, kisha ikunje kalipa juu na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hozi yake. Toa pedi, kumbuka vile vibati vya nyuma na vya pembeni vilivyokuwa vimekaa. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lioshe kwa maji na brashi, maana pedi nyingine za bei ya chini zinaweza kuwa na asibesto.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima irudi ndani. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni, ibane polepole kwa jiklampu. Mtoto wangu wa kwanza kazi yake hapa ni kutazama lile kopo lisifurike, kwa sababu mafuta ya breki yanabandua rangi ya gari. Yakidondoka, osha na maji mengi hapo hapo. Pini za kalipa zisafishe na uzipake grisi ya joto kali. Pini iliyokauka ndiyo inayosababisha pedi ya ndani iishe wakati ya nje bado mpya. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski.

Ukishafunga kila kitu, usiondoke. Kaa kwenye kiti, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu na isimame juu. Baada ya kurudisha pistoni, mkanyago wa kwanza na wa pili huenda hadi chini bila breki yoyote, na watu wamegonga ukuta wa nyumba zao kwa kulisahau hilo. Kisha angalia kopo la mafuta, jaribu gari taratibu uani, halafu barabarani. Nati za tairi kaza kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka, na uzikague tena baada ya kilomita 50 au 100.

Mafuta ya breki yenyewe ni DOT 3. Yanavuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Kiwango chake yakishavuta maji ni nyuzi 140 tu. Anayeshuka mlima Kitonga akirudi kutoka Iringa huku ameegemeza mguu kwenye breki anayafikisha huko, na mvuke ukishajaa kwenye paipu pedali inazama. Shuka na gia ndogo, na mafuta yabadilishwe kila miaka miwili. Kutoa hewa kwenye breki mwachie fundi mpaka uwe umeona inavyofanyika. Na usiongeze oili ya injini wala ya stelingi kwenye kopo hilo hata tone moja. Mipira yote ya mfumo itavimba.

Ngoma za nyuma nazo mwachie fundi kwa mara ya kwanza. Springi zake zina mpangilio na zinaruka usoni.

Betri

Ikiwa gari linawaka kwa shida, pima kabla ya kununua. Betri iliyolala usiku kucha bila kuwashwa isome volti 12.6 ikiwa imejaa. Washa injini, pima tena: ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji: utanunua betri mpya na itakufa vile vile.

Unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi. Kufungua, anza na hasi kwa spana ya 10. Kufunga, malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umefunga mzunguko wenye amperi mia kadhaa mkononi mwako. Kama betri ni ya kujazwa, ongeza maji safi ya betri, siyo tindikali, mpaka sahani za ndani zifunikwe.

Nisivyovigusa

Waya na soketi za rangi ya manjano chini ya stelingi na kwenye dashibodi ni za eabegi, nazipita mbali. Gesi ya ea kondishena, springi za shokapu, stelingi raki na ndani ya gia boksi ni vya fundi mwenye vifaa vyake.

Oili ya gia boksi nayo naipima tu. Injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma, mguu kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na urudi P, vuta dipstiki, futa, rudisha, vuta tena, soma kwenye alama za HOT. Gia boksi ya gia nne ya IST inatumia Toyota T-IV, kwa hiyo anayekuuliza "niweke ipi?" mjibu wewe kwanza. Ikiwa nyekundu au ya kahawia kidogo, sawa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usiongeze chochote. Lipeleke kwa fundi wa gia boksi siku hiyo hiyo, na umwonyeshe kitambaa ulichofutia.